Mita Chache za Juu: Historia ya Misingi katika Bahari ya Mafia

Kati ya mwaka 1952 na 1964 kampuni za BP na Shell zilishika kwa pamoja leseni ya kutafuta mafuta katika ukanda wa pwani ya Tanganyika, visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia vikiwemo. Wataalamu wao walipima mvutano wa ardhi, wakapima usumaku wake, wakasikiliza mwangwi wa miamba, wakatoboa mashimo mafupi zaidi ya 100, na mwisho wakachimba kisima kirefu kimoja katika kila kisiwa. Kile cha Mafia kilivuka mita 3,000. Mafuta hayakupatikana, na leseni ikarejeshwa. Tangu hapo habari ya nishati katika bahari hii imesimuliwa kwa kipimo cha kina: walichimba wapi, walishuka kiasi gani, walikuta nini. AGIP ya Italia ilikuta gesi Songo Songo, kusini mwa Mafia, mwaka 1974. Kuanzia 2010 gesi ikaonekana kwenye bahari kuu, na kila tangazo likaja na idadi ya mita. Usimulizi huo una haki yake, ila unaparuka pale ambapo kwa maoni yangu ndipo penye kisa. Hakuna jukwaa wala gati lililosimama juu ya mwamba wa mita 3,000. Vyote vinabebwa na mita chache za juu: mchanga, tope na vipande vya matumbawe ambavyo mchimba mafuta huvipita siku ya kwanza bila kuvitazama mara mbili. Mita hizo zina historia ndefu kuliko leseni yoyote. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba wahandisi wa majukwaa ya baharini waliipuuza ardhi ya namna hii na ikawatia hasara. Na kwamba mashine iliyowasaidia kujinasua, sentrifuji, inayozungusha mifano ya udongo kwa kasi, haikuwapa kanuni moja ya dunia nzima. Iliwarudisha kwenye swali ambalo mjenzi wa Mafia hakuwahi kuwa na nafasi ya kulikwepa: hapa, papa hapa, chini kuna nini?

Mafia ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hilo, kwa kuwa kisiwa kimoja kina sakafu mbili za bahari. Magharibi upo mlango wa bahari wenye maji mafupi, na ng'ambo yake delta ya Rufiji, ambayo kila masika hushusha udongo na mchanga uliosagwa kutoka bara. Maji ya upande huo yamechafuka kwa vumbi la nchi kavu, na bamvua inapokupwa hubaki uwanda mpana wa tope na mchanga mwororo. Mashariki, kuelekea bahari kuu, mambo ni mengine kabisa. Huko kuna miamba ya matumbawe, na visiwa vya Juani na Jibondo ambavyo vyenyewe ni matumbawe ya kale yaliyoinuka juu ya maji, na kati yao na kisiwa kikuu kuna ghuba ya Chole yenye mchanga mweupe. Mchanga wa Rufiji ni mawe yaliyosagika, lakini mchanga wa Chole umetokana na viumbe: matumbawe yaliyovunjika, makombe, mwani wenye chokaa, na vijidudu vya bahari ambavyo magamba yao yana matundu hata baada ya kufa. Mtu anaweza kutoka sakafu moja hadi nyingine kwa baiskeli katika asubuhi moja. Waingereza waliokiteka kisiwa Januari 1915 walizitumia pande zote mbili bila kutoa somo lolote la udongo: walipata ardhi kavu ya kurushia ndege, na ndege hizo zikaongoza mizinga ya manowari Severn na Mersey dhidi ya Königsberg, meli ya Kijerumani iliyokuwa imejificha katika tope la Rufiji ambako meli nzito hazikuweza kuifuata. Severn na Mersey ziliweza kwa sababu matumbo yao hayakuzama sana. Vita nzima ya delta ile, ukiitazama kwa jicho la mhandisi, ilikuwa ugomvi juu ya kina cha tope.

Walioanza kuzisoma sakafu hizi mbili kwa kujenga juu yake walikuja mapema zaidi. Mafia inatajwa katika habari za watawala wa Kilwa, na mji wake wa zamani zaidi unaojulikana vizuri ulikuwa Kisimani, kwenye rasi ya kusini-magharibi, ambako mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba na kuchapisha matokeo yake mwaka 1961. Rasi Kisimani ni ncha ya mchanga. Mji uliokuwa na mawasiliano na Kilwa umeliwa na bahari kiasi kwamba sehemu kubwa ya uliokuwa mji leo iko chini ya maji au imesambaa ufukweni kama vigae. Kua, kwenye kisiwa cha Juani, iko upande wa pili wa hoja. Ni mji mkubwa wa mawe wenye misikiti, makaburi na jumba lenye ghorofa, uliostawi katika karne ya 18 na kuhamwa baada ya mashambulizi ya Wasakalava kutoka Madagascar mwanzoni mwa karne ya 19. Walioutoa mji ule uhai ni watu, ardhi haikuhusika. Kuta zake zimepasuliwa na mizizi ya miti, dari zimeanguka kwa kukosa boriti mpya, lakini msingi haukuzama. Fundi wa Kua alikuwa na mwamba wa matumbawe karibu na uso wa ardhi. Aliukwangua, akapanga mawe yaliyotoka mwamba uleule, akayashika kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yaleyale. Jengo na ardhi vilikuwa kitu kimoja chenye maumbo mawili.

Msomaji makini atasema kwamba nimechanganya mambo. Kisimani haikuangushwa na msingi mbovu, ililiwa na mawimbi; na Kua haikusimama kwa sababu mafundi wake walikuwa na elimu ya udongo, ilisimama kwa sababu walibahatika kuwa juu ya jiwe. Sehemu ya kwanza ya pingamizi naikubali nusu. Ni kweli kwamba ukuta wa Kisimani haukuzama kwa uzito wake. Lakini mhandisi wa baharini hatenganishi ardhi kushindwa kubeba na ardhi kuchukuliwa. Mkondo unapozunguka nguzo huchota mchanga miguuni pake, na nguzo iliyohesabiwa kusimama ndani ya mita 20 za mchanga inajikuta ndani ya mita 15. Hesabu hiyo hufanywa katika ofisi ileile, na watu walewale, kama hesabu ya uzito. Kuhusu bahati, sioni kama neno hilo linatosha. Mafundi wa pwani hii walikuwa na mawe ya aina mbili na walijua tofauti yake kwa matumizi. Jiwe la mwamba wa nchi kavu, gumu na lenye chembe kubwa, lilikwenda kwenye kuta. Matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi yalikatwa kwa urahisi, yakatumika kwa mihirabu, vizingiti na nakshi, kisha yakakauka na kuwa magumu. Anayejua kwamba jiwe lilelile hubadilika tabia kwa kutolewa majini ana elimu ya udongo, hata kama haikuandikwa.

Upande wa magharibi elimu hiyo ilishika umbo la mti. Wando, ule uzio wa kuvulia samaki unaojengwa maji yanapokupwa, ni safu ya vigingi vilivyochomekwa topeni na kuunganishwa kwa fito, na kila bamvua unasukumwa na maji yanayopanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mvuvi anayeujenga hahesabu, ila anajua kigingi kiingie kiasi gani ili kisitikiswe na mkondo, na anajua kwamba kigingi kilichochomekwa leo kinashika vibaya kuliko kitakavyoshika baada ya siku kadhaa, tope likiisha kutulia kukizunguka. Wahandisi wana maelezo ya jambo hilohilo: nguzo inapopigiliwa kwenye udongo mwororo huyasukuma maji yaliyomo ndani ya udongo kwa shinikizo, na nguvu ya kushika hurudi polepole maji hayo yanapotoroka. Kutoka delta hiyohiyo mikoko ilikatwa kwa mafungu yenye majina yake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ikapakiwa majahazini wakati wa kusi na kupelekwa Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi zisizo na miti ya kujengea. Nyumba nyingi za zamani za Ghuba zilikuwa na upana wa chumba uliopangwa na urefu wa boriti ya Afrika Mashariki. Nitairudia Ghuba hivi punde, maana ndiko mhandisi wa kisasa alikoonywa kwa mara ya kwanza kuhusu mchanga wa matumbawe.

Majukwaa ya mafuta ya baharini, kwa maana tunayoijua, yalianza Ghuba ya Mexico. Mwaka 1947 kampuni ya Kerr-McGee ilichimba kisima mbali na macho ya watu wa nchi kavu, katika maji ya mita 6 tu, juu ya jukwaa lililoshikwa na nguzo. Sakafu ya huko ni tope la mto Mississippi, na mwongozo ambao Taasisi ya Petroli ya Marekani ilianza kuutoa mwaka 1969 ulikomaa kwa majaribio ya nguzo kwenye udongo wa mfinyanzi na mchanga wa mawe wa aina hiyo. Hapo nguzo maana yake ni bomba la chuma lenye kipenyo cha mita moja au mbili na urefu wa makumi ya mita, linaloshindiliwa kwa nyundo hadi ligome. Hubeba kwa njia mbili: ncha yake hukaa juu ya ardhi, na ubavu wake hushikwa na msuguano wa udongo unaouzunguka. Njia ya pili ndiyo yenye hatari. Dhoruba inapolisukuma jukwaa, miguu ya upande mmoja hukandamizwa chini na ya upande wa pili huvutwa juu, na nguzo inayovutwa haina ncha ya kuisaidia. Inabakiwa na msuguano peke yake. Ukikosea msuguano, umekosea kila kitu.

Mwaka 1968, kwenye uwanja wa Lavan upande wa Iran wa Ghuba ya Uajemi, nguzo zilizokuwa zikipigiliwa zilivunja gamba gumu la juu kisha zikatumbukia takriban mita 15 kwa uzito wake zenyewe, nyundo ikiwa imesimama. Wataalamu waliandika habari hiyo, lakini haikubadilisha desturi kwa kiasi ilichostahili. Mwaka 1982 jukwaa la North Rankin A lilisimikwa magharibi mwa Australia, katika maji ya mita 125 hivi, juu ya tabaka nene za mchanga wa chokaa. Vipimo vya maabara vilikuwa vimetoa matumaini. Nguzo zilipoanza kushindiliwa, baadhi ziliporomoka makumi ya mita bila kupigwa, na msuguano uliopatikana ukawa sehemu ndogo tu ya uliohesabiwa. Jukwaa zima lilikuwa tayari limekaa baharini. Marekebisho yaligharimu fedha nyingi mno na miaka ya kazi, na jukwaa jirani la Goodwyn A, lililofuata miaka kumi baadaye, likakutana na balaa la aina nyingine: ncha za nguzo zilijikunja zilipokutana na tabaka zilizoganda kama jiwe katikati ya mchanga dhaifu. Tangu Lavan hadi Goodwyn kosa lilikuwa moja. Watu walibeba tabia ya ardhi ya Mississippi wakaidhania tabia ya mchanga wote.

Kwa nini mchanga huu unadanganya? Chukua konzi ya mchanga wa ghuba ya Chole na uutazame kwa kioo cha kukuzia. Hakuna chembe ya mviringo. Kuna vijibati vya makombe, vijiti vya matumbawe vyenye matundu, magamba yaliyojikunja, na kati ya chembe na chembe nafasi tupu kubwa kuliko za mchanga wa mtoni. Ukiukata katika kisanduku cha maabara, vipande hivyo vyenye kona hushikana vizuri, na pembe ya msuguano huzidi nyuzi 40, yaani mchanga huu huonekana imara kuliko ule wa Rufiji. Hapo ndipo mtu anapoingizwa mjini. Nguzo inaposhindiliwa, haikati mchanga mara moja. Inausugua maelfu ya mara katika mstari uleule. Magamba yanapondeka, matundu yanaporomoka, mchanga ulio jirani na chuma unapungua ujazo na kujiondoa. Kinachofanya udongo uishike nguzo ni jinsi unavyoibana kutoka pembeni, na mchanga uliosinyaa haubani. Msuguano kati ya chembe na chuma bado upo, ila hakuna kinachozisukuma chembe hizo zilielekee chuma. Ndiyo maana bomba zito linaweza kushuka kama lililotupwa kisimani, katika mchanga ambao kwenye karatasi ulikuwa wa daraja la juu.

Sentrifuji iliingia kwenye habari hii kwa sababu kosa la namna hiyo haliwezi kuonekana mezani. Udongo ni kitu cha ajabu: nguvu yake hutokana na uzito wa udongo ulio juu yake. Ukitengeneza mfano wa jukwaa kwa kipimo cha moja kwa mia, ukauweka katika sanduku la mchanga lenye kina cha nusu mita, mchanga wako haujui kwamba unaigiza mita 50. Hauna mzigo wa mita 50, kwa hiyo chembe zake hazipondeki, zinapandana tu. Édouard Phillips alilieleza jambo hili mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa mwaka 1869 na kupendekeza dawa: zungusha mfano wako. Kitu kinachozungushwa kwa kasi husukumwa nje, kama maji ya ndoo yasiyomwagika mtoto anapoizungusha kwa mkono, na msukumo huo unaweza kufanywa uwe mara mia ya uzito wa kawaida. Sentimita moja ya mchanga hapo hubeba mzigo wa mita moja. Wazo la Phillips lilikaa bila kutumika kwa miaka zaidi ya 60. Philip Bucky alilijaribu katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1931 kwa ajili ya paa za migodi, na katika miaka hiyohiyo Pokrovsky na Davidenkov wakalianza Urusi, kila mmoja bila kumtegemea mwenzake. Mikasa alilifufua Japani na Andrew Schofield Uingereza kuanzia miaka ya 1960. Peter Rowe na wenzake huko Manchester wakalitumia miaka ya 1970 kwa majukwaa ya zege ya Bahari ya Kaskazini, na hapo ndipo sentrifuji ilipofunga ndoa na nishati ya baharini. Mwaka 1989, hasara ya North Rankin ikiwa bado mbichi, Chuo Kikuu cha Australia Magharibi jijini Perth kikafungua sentrifuji yake, yenye mkono wa mita 1.8, na kazi yake kubwa ikawa ni mchanga wa chokaa.

Kinachofanyika ndani ya chumba kile ni cha kawaida kuliko jina lake. Sanduku la chuma hujazwa mchanga kwa uangalifu, ukamwagwa kutoka urefu mmoja ili ulale sawasawa, au ukakorogwa na maji na kuachwa utulie. Mchanga hushibishwa maji. Nguzo ya mfano ni kibomba cha unene wa kidole, na ubavuni mwake vimegandishwa vihisi vidogo vya kupimia nguvu, nyaya zake zikipita ndani. Sanduku huning'inizwa kwenye ncha ya mkono wa mashine, uzani wa kusawazisha kwenye ncha ya pili, mlango hufungwa, na mkono huanza kuzunguka; sanduku huinuka taratibu hadi likalala ubavu, mchanga ukiwa umegandamizwa kwenye sakafu yake bila chembe kumwagika. Kisha injini ndogo hukisukuma kibomba ndani, ikakivuta na kukisukuma tena mara mia, mara elfu, kuigiza mawimbi. Muda nao husinyaa. Maji yanayotoroka kutoka kwenye udongo hutembea njia fupi mara mia, kwa hiyo kutulia kwa udongo kunakwenda haraka mara 10,000, na siku moja ya mzunguko ni sawa na miaka 27 ya bahari. Yale ambayo mjenzi wa wando anayajua kwa kungoja, hapa yanasomwa kwenye kioo kabla ya chakula cha mchana. Na kwenye mchanga wa chokaa kioo huonyesha mstari unaoteremka: kila mzunguko wa kuvuta na kusukuma unazidi kuuponda ukanda mwembamba unaogusa chuma, mbano unapungua, nguzo inateleza.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, na linatoka kwa wenyewe wanaoendesha mashine hizo. Ukipunguza nguzo mara mia huwezi kuzipunguza chembe mara mia, maana mchanga uliosagwa kiasi hicho si mchanga tena. Chembe ya nusu milimita katika sanduku inakuwa jiwe la sentimita tano katika bahari inayoigizwa, na ukanda unaopondeka ubavuni mwa nguzo unaonekana mnene kuliko ulivyo. Zaidi ya hapo, mchanga wa chokaa huwa umeshikwa na saruji yake ya asili, na saruji hiyo huvunjika wakati wa kuchota sampuli. Unachokizungusha ni mchanga ambao ulikuwa mwamba dhaifu ulipokuwa nyumbani kwake. Kwa hiyo, atasema mpingaji, sentrifuji ni mchezo wa gharama kubwa, na ushahidi pekee wa kuaminika ni nguzo halisi katika ardhi halisi. Nakubaliana na kila hatua ya hoja hiyo isipokuwa hatua ya mwisho. Nguzo halisi inakupa jibu moja, mahali pamoja, na haikuambii ni kitu gani kilichosababisha. North Rankin ilikuwa jaribio kamili katika ardhi halisi, na hakuna aliyetaka kulirudia. Kilichofaulu Australia kilikuwa mchanganyiko: mzunguko wa maabara ulionyesha jinsi mbano unavyopotea, majaribio ya uwanjani yakatoa kiwango chake, na kutokana na hayo mawili ukaja uamuzi wa kuacha kushindilia. Mahali penye mchanga huo sasa hutobolewa shimo kwanza, chuma kikateremshwa ndani, kisha nafasi kati ya chuma na ardhi ikajazwa saruji ya majimaji inayopenya kwenye matundu ya mchanga na kuganda humo. Msuguano unaopatikana ni mkubwa mara nyingi. Nashindwa kujizuia kusema kwamba hiyo ni Kua tena: chokaa imerudishwa iwe kiungo kati ya jengo na mwamba wa chokaa.

Pingamizi la tatu ni la kisiasa zaidi, nalo ni kwamba haya yote hayaihusu Mafia. Visima vya bahari ya Songo Songo vimekaa juu ya majukwaa madogo kwenye maji mafupi, na gesi yake imekuwa ikifika Dar es Salaam tangu 2004 bila maafa ya nguzo. Gesi kubwa ya bahari kuu, kama Zafarani iliyogunduliwa mwaka 2012, iko chini ya maji yanayozidi mita 2,000, ambako hakuna jukwaa la miguu litakalosimama. Huko vifaa vitalala juu ya tope laini la kina kirefu, na kiwanda cha kusindika kimepangwa Likong'o, Lindi, mbali na Mafia. Sehemu ya mashariki ya kisiwa imo ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, na hakuna mwenye akili anayependekeza kupigilia nguzo kwenye matumbawe ya Chole. Yote ni kweli. Lakini tope la bahari kuu si sakafu moja iliyonyooka. Linapopanda kuelekea nchi kavu, bomba au waya wowote utakaolipita utavuka ukingo wa matumbawe, na hapo utatoka kwenye ardhi ya mfinyanzi na kuingia kwenye ardhi ya magamba ndani ya umbali mfupi. Aliyechukua sampuli upande mmoja tu wa ukingo huo atafanya kosa la Lavan akiwa na kompyuta bora zaidi. Na misingi ya baharini si ya gesi peke yake. Wajerumani waliokinunua kisiwa hiki pamoja na ukanda wa pwani mwaka 1890 walikaa kwanza Chole, kisha wakahamishia makao yao Kilindoni, upande wa magharibi, ili meli ziweze kutia nanga. Kwa uamuzi huo mlango mkuu wa Mafia ulitoka kwenye sakafu ya matumbawe ukaenda kwenye sakafu ya Rufiji, na kwa karibu miaka 100 watu walishuka hapo kwa kutembea majini na mizigo vichwani, kwa sababu uwanda wa mchanga na tope ulikuwa mrefu na gati lake lilikuwa ghali. Gati la Kilindoni lilipokuja kujengwa ilibidi lipelekwe mbali baharini kwa nguzo, kuyafuata maji. Nguzo zile ziko kwenye ardhi ambayo sheria za Mississippi zinaielewa. Zingekuwa Utende, upande wa ghuba ya Chole, zingehitaji vitabu vingine.

Hapo ndipo ninapoona pengo katika namna tunavyotunza kumbukumbu. Kisima kirefu cha Mafia kimeingia katika maandishi ya jiolojia. Kila anayeandika juu ya miamba ya pwani ya Tanzania hukitaja, na tabaka zake zimelinganishwa na za Pemba na Unguja. Mashimo mafupi ya ujenzi hayana heshima hiyo. Shimo la mita 30 lililotobolewa kwa ajili ya gati, mnara au daraja huandikiwa ripoti, ripoti huambatanishwa na zabuni, na mradi ukikamilika karatasi hizo huwa zimemaliza kazi yake. Kwa jukwaa au bomba la baadaye, ripoti hiyo ya mita 30 ina thamani kuliko mita 3,000 za kisima cha BP na Shell, na upande wa mashariki thamani hiyo inategemea jambo moja dogo la utaratibu: sampuli itolewe kwa kuizungushia bomba la kuchotea badala ya kuipiga nyundo, isafirishwe ikiwa na maji yake ya bahari, na ifike maabara magamba yake yakiwa bado mazima, maana mchanga uliokwisha kupondwa njiani utaiambia sentrifuji, kwa usahihi mkubwa, habari za mahali pasipokuwepo.